Mashine ya mkanda inayokuja shambani: tathmini ya Bwana Miti mstaafu, Mufindi

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Nasema mapema kwa sababu najua wengi wenu mna miti imesimama, mnunuzi anapiga simu, na mvua ikishaanza barabara ya kwenda Mgololo haimsikilizi mtu. Ninayoizungumzia ni ile mashine ya kupasulia mbao yenye msumeno wa mkanda, inayokokotwa na trekta au pikapu mpaka shambani kwako. Inafungwa pale pale miti ilipoangukia, inapasua magogo wewe ukiwa umesimama unaangalia, kisha inaondoka. Mbao ni zako, mabanzi ni yako, na unga wa mbao ni wako. Huo unga nitaukalia kwa muda kidogo, mnivumilie.

Kikosi nilichokiita sikitaji jina. Malalamiko niliyonayo nao tumeyamaliza kwa mdomo, kama majirani, na sioni sababu ya kumharibia kijana soko lake. Isitoshe wenye mashine za namna hii hapa Mafinga sasa si mmoja wala wawili, na mengi nitakayosema yanawahusu wote.

Mimi ni mstaafu wa misitu. Nilisoma chuo cha misitu cha Olmotonyi miaka ya themanini, nikapangiwa kazi huku nyanda za juu kusini, na huku ndiko nilikozeekea. Nimesimamia vitalu, nimepogoa, nimepima vipenyo kwenye baridi la Juni mpaka vidole vinagoma kushika penseli, nimezima moto usiku na kuuandikia ripoti asubuhi. Hapa kijijini bado wananiita Bwana Miti, ingawa ni mama wa watu wazima wanne. Siku hizi najitolea kwenye kamati ya maliasili ya kijiji na kwenye klabu ya mazingira ya sekondari yetu ya kata. Kwa hiyo jueni anayeandika ni nani: mwenye mashine anahesabu mbao zilizotoka, mimi nahesabu miti ambayo haikulazimika kuanguka.

Shamba lenyewe ni la misindano, ile patula yenye asili ya Meksiko ambayo ndiyo imejaa hapa kwetu tangu serikali ilipopanda majaribio ya kwanza Sao Hill mwaka 1939. Tuliipanda mimi na marehemu mume wangu mwaka 2001, nafasi ya mita tatu kwa tatu, ambayo ni kama miti 450 kwa ekari. Tukapogoa kwa wakati, tukapunguza ile dhaifu mara mbili, na majirani wakatucheka kwamba tunakata miti ambayo haijakomaa na kuiacha iliyokomaa. Waliotucheka waliuza yao ikiwa na miaka minane, tisa, ikaenda kuwa mbao za kupigia zege. Sasa ukiweka tepu kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, misindano yangu mingi inasoma sentimita 35 na kuendelea, na sehemu ya chini ya shina haina vifundo. Gogo la namna hiyo linastahili msumeno wa heshima.

Kabla sijaeleza mashine ya mkanda, lazima niseme ilikuja kuchukua nafasi ya nini. Kila mtu wa Mufindi, Njombe na Makete anaijua dingidongi. Ni meza ya chuma, injini ya dizeli, na msumeno wa duara unaozunguka katikati. Vijana wawili wanalisukuma gogo kwa mikono kuelekea kwenye meno, mwingine analivuta upande wa pili. Haina kinga, haina kitu cha kulishika gogo lisicheze, na unyoofu wa ubao unategemea kama aliyesukuma amekunywa chai asubuhi au pombe ya ulanzi. Siidharau. Imewapa ajira vijana wengi, inafika kusikofikika, spea zake zinapatikana hata Igowole, na fundi wa kuitengeneza huhitaji kumtafuta mbali. Lakini inakula. Katika kazi yangu nimeona magogo mengi yanayopita kwenye dingidongi yakitoa mbao za kuuzika zisizozidi theluthi moja ya ujazo wake. Kilichobaki chote ni mabanzi na unga.

Nilichukua rula nikaenda kwa jirani anayepasulia dingidongi, nikapima upana wa njia inayoachwa na msumeno ndani ya gogo. Milimita 7. Nikapima ya mashine ya mkanda ilipokuja kwangu: milimita 2 na nusu. Sasa chukua gogo la sentimita 30, unalipasua mbao za inchi moja, unapitisha msumeno mara kumi. Dingidongi imegeuza milimita 70 za gogo lako kuwa unga. Mkanda umegeuza 25. Tofauti ni milimita 45, ambayo ni ubao mmoja mzima wa inchi moja na zaidi ya nusu ya mwingine, kutoka gogo lile lile, mti ule ule, uliosubiri miaka ile ile. Na hapo sijahesabu ule unene wa ziada ambao mpasuaji wa dingidongi huuacha kwa makusudi kwa kuwa anajua ubao wake utatoka mnene huku na mwembamba kule.

Hesabu hii nilikuwa naifundisha ubaoni kwa miaka, na wakulima walikuwa wanaitikia kwa adabu na kwenda zao. Kuiona shambani ni jambo jingine. Msimamizi wa kikosi, kijana mpole mwenye kofia ya sufu iliyovutwa mpaka kwenye nyusi, alinifungulia mbao sita za mfululizo kutoka gogo moja, akazilaza, nikaweka rula mwanzo, katikati na mwisho wa kila moja. Zilipishana chini ya milimita moja. Nimezunguka na mafuso ya mbao muda mrefu, nimeona hiyo inayoitwa mbili kwa nne ikiwa moja na robo tatu upande mmoja na mbili na robo upande wa pili. Hizi seremala hana sababu ya kuzipigia randa mara tatu.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Mashine ina reli mbili ndefu zinazolazwa juu ya magogo ya kusawazishia. Wanatumia pima maji kuhakikisha zimelala sawa, na hapo wasiharakishwe, maana reli ikiinama ubao wote unainama nayo. Gogo linapandishwa, linabanwa kwa makucha ya chuma, halisogei tena. Kinachosogea ni kichwa chenye injini na magurudumu mawili yanayouzungusha mkanda, kinapita juu ya gogo kama mtu anayemenya. Ukimaliza upande mmoja unaligeuza, unapata sura nne, ndipo unaanza kutoa mbao. Mpasuaji mzuri anakiangalia kiini cha mti kwanza. Misindano ina mti laini wa utotoni pale katikati, ile miaka ya mwanzo ulipokuwa ukikimbia kwenda juu, na ubao uliobeba kiini hupinda ukikauka. Huyu wangu alikizungushia kiini, akakitoa chote kwenye kipande kimoja cha nne kwa nne, akaniambia, "Hiki mama utajengea banda, usiuze." Nikajua nimepata mtu.

Kuhusu bei. Wanatoza kwa ubao, kila kipimo na bei yake, nami sitaandika tarakimu kwa kuwa zinabadilika na msimu, na umbali, na tope. Niseme tu kwamba kwa ubao mmoja walikuwa juu kidogo ya dingidongi, na dizeli ya kuleta mashine nililipa mimi. Jirani yangu alisikia hivyo akasema nimeibiwa. Anafanya kosa la wengi, la kulinganisha bei ya kupasua ubao mmoja badala ya kulinganisha gogo limetoa mbao ngapi. Ukipewa mbao tisa kwa gharama ya juu kidogo, na mwenzako kapewa saba kwa gharama ya chini, aliyepata hasara ni yupi? Kwenye daftari langu huduma ilijilipa yenyewe kabla hatujafika nusu ya magogo.

Isipokuwa soko lenyewe, na hili linaniuma. Wanunuzi wengi wanaokuja na fuso kutoka Dar es Salaam wanatoa bei moja kwa mbao za mkanda na za dingidongi. Mmoja aliniambia usoni kwamba mbao zangu ni nzuri sana, akapanga bei ile ile ya mbao za jirani zilizopinda kama upinde. Aliyenipa bei ya maana ni fundi wa samani wa Iringa mjini, ambaye alikuja mwenyewe, akazigonga, akazinusa, akachagua zisizo na vifundo. Kwa hiyo ukiita mashine hii, mtafute na mnunuzi wa aina hiyo mapema. Ukiwauzia wanaonunua kwa macho yaliyofumbwa, faida yako itakuwa ile ya wingi tu.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni dizeli. Misindano ina utomvu, na utomvu unaganda kwenye mkanda, mkanda unapata joto, unaanza kuyumba, na ubao unatoka na mawimbi. Ili kuuzuia, mashine ina kidumu kinachodondosha kimiminika juu ya mkanda muda wote. Walipofika, kidumu kilikuwa na dizeli tupu. Wengi hufanya hivyo, inasafisha utomvu vizuri, sikatai. Lakini walikuwa wamefunga mashine juu kidogo ya bonde letu, na chini ya bonde lile kuna chemchemi ambayo kaya za mtaa mzima zinachota. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na ingawa wao walikuwa nje ya hizo mita, mteremko ni mteremko. Unga uliolowa dizeli unateremka na mvua ya kwanza. Nikawaomba waweke maji na sabuni ya unga kidogo. Msimamizi akasema, "Mama, sabuni haitoi utomvu wote." Kweli haitoi wote. Inabidi kusimama mara nyingi zaidi kukwangua na kubadilisha mkanda. Tukavutana kidogo, kwa heshima, mpaka tukakubaliana: maji ya sabuni kwa kawaida, na kitambaa chenye dizeli kidogo cha kufutia mkanda mashine ikiwa imezimwa. Kasi ilipungua. Nililala vizuri.

Bonde lile lina historia. Zamani lilijaa mikaratusi iliyopandwa na wazee kwa nia njema, wakitaka nguzo na kuni. Chemchemi ikawa inakauka kila Septemba. Kamati yetu ya kijiji imekuwa ikiing'oa mikaratusi kidogo kidogo na kurudishia miti ya asili, mivengi na mikuyu, kazi ya kujitolea, Jumamosi, watu wanakuja na panga zao na viazi vya kuchemsha. Si rahisi kumshawishi mtu aukate mkaratusi ulio tayari kuwa nguzo ya umeme ili apande mvengi ambao hataula. Wengine wana vinyungu vyao, yaani bustani za bondeni, humo humo na wanatuona sisi ndio adui. Ndiyo maana siwezi kukaa kimya mtu akimwaga dizeli juu ya bonde hilo, hata kama amenipasulia mbao nzuri kiasi gani.

La pili ni upangaji. Mbao mbichi za misindano zinataka hewa. Unapanga safu, unaweka fito zenye unene sawa, unapanga safu nyingine, fito zinasimama juu ya fito, na juu kabisa unaweka mabanzi kukinga jua na mvua. Vibarua wa kikosi walizilaza mbao zangu zikiwa zimegusana tupu, mbichi, kisha wakafunika turubai. Ukikaa hivyo siku chache katika ukungu wa huku kwetu, kuvu inaingia na ubao unageuka bluu. Haudhoofiki sana, lakini mnunuzi akiona bluu anashusha bei bila kuuliza. Tulizipanga upya mimi na wajukuu. Mwenye mashine anasema kazi yake inaishia ubao unapotoka kwenye reli. Kwa maoni yangu, huduma inayokuja mpaka shambani ingeweka fito kwenye bei, iseme wazi, na wateja tungelipa.

Unga wenyewe waliurundika pembeni, rundo kubwa refu kunizidi. Ukiachwa ukauke, kuanzia Agosti mpaka Novemba ni kiberiti kinachosubiri moto kichaa. Huku kwetu mtu anachoma majani ya shamba lake, upepo unageuka, na ekari mia za watu zinakwenda mchana mmoja. Nimezika ndoto za watu wengi kwenye majivu ya namna hiyo. Rundo tulilitawanya: sehemu ilikwenda kwa mfugaji wa kuku, sehemu kwenye mashimo ya mboji pamoja na samadi, sehemu nikaifunika kwa udongo. Kikosi hakikusaidia na sikuwaomba, ila nashauri mkubaliane mapema rundo litakaa wapi, mbali na mpaka wa shamba na mbali na maji.

Upande wa usalama naona nafuu kubwa. Mkanda umefunikwa karibu wote, mikono haikaribii meno, na gogo halisukumwi na kifua cha mtu. Hapa Mufindi ukisalimiana na wapasuaji wa zamani utakuta vidole vimepungua, wanaficha mfukoni. Hawa wangu walikuwa na viatu vya mpira na glavu. Masikioni hawakuwa na kitu, na injini ile inapiga kelele siku nzima. Msimamizi ana umri wa miaka thelathini hivi na tayari unamwambia jambo mara mbili.

Niliwaleta wanafunzi wa klabu ya mazingira waje waone, baada ya kuongea na mwenye mashine na kuchora mstari wa chokaa ambao hakuna wa kuuvuka. Walikuja na sweta zao za shule, "Shikamoo bibi, shikamoo bibi," nikaitikia marahaba mpaka koo likakauka. Nikawapa kisiki wahesabu pete. Mmoja akapata 21, mwingine 26, wakaanza kubishana nani hajui hesabu. Wote walikuwa wamehesabu sawa. Jua likikatiza katikati ya msimu wa mvua, msindano unapunguza mwendo, kisha mvua ikirudi unaanza tena, na hapo unachora pete ya uongo. Tukazitafuta zile za uongo kwa kidole. Hazizunguki kisiki kizima, zinapotelea njiani. Binti mmoja wa kidato cha pili akauliza kama mti unaweza kudanganya umri, basi afisa misitu anajuaje? Nikamwambia afisa misitu mwenye akili anaweka daftari la mwaka wa kupanda. Mwenye mashine alicheka, akazima injini kabisa, akawaonyesha jinsi mkanda unavyonolewa jino kwa jino. Hiyo nyota ya nne alijipatia hapo.

Niliwaambia wanafunzi wale habari ya Kilwa, na kwa kuwa inahusu msumeno pia naiweka hapa. Kule hawapandi misindano. Wana mpingo wa asili, unaochukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, mgumu na mzito mpaka ukiutupa majini unazama. Ndio unaotengenezewa filimbi za okestra Ulaya, klarineti na obo. Vijiji vya Kilwa, chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 inayoruhusu kijiji kumiliki na kusimamia hifadhi ya msitu wake, vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009, misitu ya kwanza ya asili inayosimamiwa na vijiji kupata cheti hicho barani Afrika. Lakini hata mpingo wenye cheti, ukifika kwenye msumeno, sehemu ndogo sana ya gogo ndiyo hutoka ikiwa kipande safi cha ala ya muziki. Kunapatikana nyufa, mashimo, ule mti mweupe wa nje. Wanamsitu tunapenda kuzungumzia upandaji na doria, picha zinapendeza, viongozi wanakuja na koleo jipya. Kiwandani hatuingii. Wakati kiasi cha miti tutakayohitaji kukata mwakani kinaamuliwa humo.

Nirudi kwenye mambo ya kukusaidia ukiamua kuwaita.

Karatasi ni juu yako. Kikosi kitapasua, hakitakuombea kibali. Anza na barua ya serikali ya kijiji inayothibitisha miti ni yako na imo shambani mwako, afisa misitu wa wilaya aje akague, upate kibali cha kuvuna, na mbao zikiwa tayari ndipo unachukua hati ya kusafirishia, ile TP. Usimsikilize dereva anayesema atapita tu. Kizuizi cha maliasili kikikukamata na mbao zisizo na hati, hutasaidiwa na mtu, hata mimi niliyefundisha nusu ya vijana wanaokaa vizuizini.

Magogo usiyaburuze kwenye tope. Changarawe inayoshika kwenye gome inaumaliza mkanda kwa kupita mara moja, na mkanda butu ndio chanzo cha mbao za mawimbi. Mimi niliwakodi vijana wenye maksai, wakayavuta juu ya mabanzi yaliyotandazwa, na yaliyochafuka tukayabandua gome upande wa kuanzia. Angalieni pia kama mti ulipigiliwa misumari zamani, watu wa uchaguzi hubandika mabango yao popote. Mkanda ukigonga msumari unakatika, na mtaanza kujadiliana nani analipa.

Ukubwa wa gogo nao una maana. Chini ya sentimita 20 mashine hii haina faida kwako. Muda unaishia kwenye kupandisha na kubana. Vigogo vidogo vya mikaratusi viwanda vya vinia, zile karatasi nyembamba za mbao, vya Mafinga vinanunua. Na kama misindano yako yote ndiyo iko hapo kwenye ishirini, basi tatizo lako si mashine. Iache. Najua ada ya shule haisubiri, najua msiba hausubiri, nami nimeuza vichanga wakati wa shida. Lakini ukiweza kuuza sehemu tu, ile dhaifu, uza hiyo, iliyobaki ipate mwanga na nafasi. Miaka mitano ya mwisho ndiyo inayoweka mti wa mbao. Ile ya mwanzo inaweka urefu.

Wakati mzuri wa kuwaita ni Juni mpaka Septemba. Simu zao huwa zimejaa kuanzia Julai, hivyo wahini Mei mvua zinapokatika. Muulize msimamizi ana mikanda mingapi ya akiba na nani anayenoa. Ukisikia mkanda mmoja na atanoa Mafinga jioni, jua mashine italala kwako bila kazi. Mwombe akupasulie gogo moja la mfano mpime wote wawili kabla hamjapatana bei ya jumla. Asiyekubali kupimwa, mwache aende.

Nyota niliyoizuia ni ya dizeli na fito. Wanakuja tena msimu ujao kwa kipande cha pili cha shamba, kile cha upande wa juu, na safari hii tumeandikiana. Maji ya sabuni, fito kwenye kila safu, unga upelekwe wanapoonyeshwa, reli zisifungwe upande wa bondeni. Msimamizi aliusoma mkataba taratibu, akauliza kama sabuni naleta mimi au wao. Nikamwambia mimi. Akasaini.